Tuliwaambia hakuna anayesoma. Mimi nimesoma

Shikamoo Bibi Nesi,

Mimi ni kijana wa miaka 28, naishi Mtwara mjini. Msimu wa korosho ukianza huwa napanda Newala kufanya ukarani wa mizani kwenye chama kimoja cha msingi cha wakulima. Kompyuta nilisomea chuo, ajira sikupata, ndiyo maisha. Mwaka jana mimi na wenzangu wawili tulitengeneza chatiboti ya WhatsApp, yaani namba ambayo ukiitumia meseji unajibiwa na akili mnemba. Wenyewe tunaiita "boti" tu, ingawa haina injini wala haielei. Tulitaka kijana mwenye msongo wa mawazo apate pa kusemea. Huku kwetu ukisema moyo umekuelemea utaambiwa umerogwa, au utaambiwa ukaswali, au utachekwa mpaka ujute.

Tulibandika vikaratasi stendi, kwenye vinyozi na kwenye vibanda vya kuchaji simu: "Sema yote. Hakuna anayesoma. Siri yako ni yako." Maneno hayo niliyatunga mimi, na kusema kweli niliyaonea fahari. Watu walikuja, sasa wamefika karibu mia saba. Wengi wanaandika watu wakishalala, hata boti wameipachika jina, wanaiita "Wa Usiku".

Bibi, ile "hakuna anayesoma" haikuwa kweli kamili. Mazungumzo yote yanabaki kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali tunayoikodi, na nywila, lile neno la siri la kuifungulia, ninalo mimi. Nilikuwa nafungua mara mojamoja kuangalia boti inajibu vipi, maana Kiswahili chake kuna siku kinakuwa kama cha mtalii wa juzi. Sikuona ubaya. Nilijiambia sisomi watu, nasoma makosa.

Asubuhi moja nikakuta ujumbe wa msichana. Alishajieleza kwamba yuko kidato cha nne, kijiji sikitaji. Aliandika saa nane na dakika kumi usiku. Kabla ya hapo alikuwa ameeleza mambo ya nyumbani kwao, nayo siyaandiki. Halafu akaandika: "Nataka kulala nisiamke." Boti ikamjibu: "Usingizi mzuri ni muhimu kwa afya yako! Jaribu kuoga maji ya uvuguvugu, na usitumie simu saa moja kabla ya kulala." Mwishoni ikamwekea kipicha cha mwezi.

Niliisoma nimesimama mbele ya mizani, watu wamepanga magunia, mmoja ananiambia "njomba, soma kilo hizo." Kilo nilizisoma, sijui zilikuwa ngapi. Boti tulikuwa tumeiwekea orodha ya maneno ya hatari: kujiua, kujidhuru na mengine ya ukoo huo. Neno "kulala" halikuwamo. Nani angeliweka?

Namba yake ninayo. Ila huko nyuma alishasema simu ni ya mjomba wake, yeye huichukua mjomba akishapata usingizi. Nikipiga, anapokea mjomba. Na huyo mjomba ndiye... basi, Bibi, utanielewa. Nikamwandikia kwa namba ileile ya boti: "Habari dada. Hapa si mashine, ni mtu. Nimesoma ulichoandika na nina wasiwasi na wewe." Usiku akajibu: "We nani? Si mlisema hakuna anayesoma?" Kisha kimya. Siku tatu chakula hakikushuka. Siku ya nne akaandika neno moja: "Nipo." Sijamjibu mpaka leo, naogopa nitaharibu zaidi.

Wenzangu wamegawanyika. Mmoja anasema tuiseti seva isihifadhi hata herufi, tusiweze kusoma hata tukitaka, ili ile ahadi iwe kweli. Anasema watu wakijua tunasoma hakuna atakayeandika tena, na yule asiyeandika popote ndiye atakayekwenda kimyakimya. Wa pili anasema kila meseji ya hatari tuipeleke na namba yake kwa mtendaji wa kijiji au polisi, maana mtu akifa na meseji yake tulikuwa nayo tutajibu nini? Kila mmoja akiongea namwona yuko sahihi, mpaka mwenzake afungue mdomo. Na juu ya hayo amejitokeza mtu wa kutusaidia hela ya seva na bando, ila anaomba kwanza "sampuli ya mazungumzo" aone kazi inavyokwenda.

Nishike siri au nishike mtu?

Mwenye Nywila, Mtwara


Marahaba mjukuu wangu.

Kabla ya kuichapa barua yako nimebadilisha vitu viwili. Wewe utaviona. Wengine hawana haja.

Tuanze na msichana, seva haina haraka. Huyu mtoto amedanganywa na namba yenu, akakaa siku tatu, kisha akarudi kwenye namba hiyohiyo kuwaambia yupo. Hakuwa na lazima. Kwa hiyo mjibu leo, na usimwandikie hotuba. Anza na kosa lako: "Tulikuambia hakuna anayesoma, na mimi nilisoma. Hatukupaswa kukuahidi hivyo. Nisamehe." Halafu muulize waziwazi: "Uliposema unataka kulala usiamke, ulikuwa unafikiria kujiua?"

Najua mkono utasita hapo. Nimekaa wodini miaka mingi na nimeona hata wauguzi wenzangu wakizunguka swali hilo kama wanavyozunguka shimo, wakidhani kuliuliza ni kumpa mtu wazo. Shirika la Afya Duniani limeshasema wazi kwamba sivyo. Nilichokuwa nakiona mimi ni mabega. Mtu akiulizwa kwa utulivu, mabega yanashuka, anavuta pumzi ndefu, anaanza kuongea. Anayeudhika na swali ni nadra, na hata huyo huongea baadaye.

Kisha muulize simu huwa nayo saa ngapi, na kama unaweza kumwandikia saa hizo bila mwingine kuona. Muulize kama kuna mtu mzima mmoja ambaye akimwambia hatamgombeza. Kwetu kusini mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, wewe unajua. Kwa huyu mlango huo umefungwa. Kuna bibi, mama mdogo, mwalimu wa ushauri pale shuleni, mama wa rafiki yake. Achague yeye. Ukimchagulia, utampa mtu anayekwenda kunywa chai kwa mjomba kila jioni.

Mpe na namba mbili za bure. 116 ni Huduma ya Simu kwa Mtoto, na kama hajatimiza miaka 18 hiyo ni ya kwake kabisa. 199 ni ya Wizara ya Afya. Akitaka kuonana na mtu ana kwa ana, hospitali za rufaa za mkoa, Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi, zina huduma ya afya ya akili, lakini mtoto wa sekondari wa huko juu atatoa wapi nauli na atamuaga nani? Kituo cha afya cha karibu kinaweza kuanza naye. Muulize nacho kiko umbali gani, na nani anafanya kazi pale. Kama nesi wa zamu ni shemeji wa mjomba, bora ujue mapema.

Akikujibu kwamba ndiyo, na ni leo, hapo siri imekwisha na usijiulize mara mbili. Unatafuta mtu wa karibu naye aende alipo. Ila mwambie unavunja siri, na mwambie unamwita nani, kabla hujamwita. Mtu akiokolewa kwa kuviziwa, safari nyingine hatakuambia kitu.

Sasa huyo mwenzako wa polisi. Namwelewa, anaogopa kubaki na maiti mkononi. Lakini Kanuni ya Adhabu ya nchi hii inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Mimi nimeshaona mgonjwa analetwa na askari pembeni, anaulizwa maelezo kabla hajapewa maji. Ukituma meseji na namba kituoni hujui itapokewa na nani, kwa moyo gani, siku gani. Na mtendaji wa kijiji anaweza kuwa mtu mwema kabisa, tatizo ni lile benchi la nje ya ofisi yake. Yanayosemwa ndani yanasikika pale, na jioni yamefika kisimani. Askari waitwe pale ambapo kuna mtu mwingine anatishiwa, au mtoto anaumizwa na mtu mzima na anahitaji kutolewa hapo alipo. Soma tena alichokueleza kuhusu nyumbani kwao. Nina wasiwasi hilo la pili linaweza kumhusu, na 116 wanajua kulishughulikia kuliko wewe na kuliko mimi.

Turudi kwenye kikaratasi chako.

Mwaka 1966 mwalimu mmoja wa chuo cha MIT kule Marekani, Joseph Weizenbaum, alitoa programu aliyoiita ELIZA. Ilikuwa inageuza maneno ya mtu kuwa swali na kumrudishia, basi. Katibu muhtasi wake, ambaye alimwona akiitengeneza kwa miezi mingi, alikaa kuongea nayo, na baada ya sentensi chache akamwomba Weizenbaum atoke chumbani. Alijua fika kwamba ni mashine. Alichotaka ni chumba. Hao mia saba wenu nao walikuja kwa ajili ya chumba, na wewe ukawaambia kimefungwa wakati umesimama nyuma ya pazia.

Hesabu mwenyewe. Meseji inatoka kwenye simu ya mjomba. WhatsApp inaifunga njiani, sawa, lakini kufuli hilo linafunguka ikifika kwenu, kwa sababu waliotumiwa ni ninyi. Kutoka kwenu inakwenda kwa kampuni ya ng'ambo yenye hiyo akili mnemba, inarudi na jibu, kisha inalala kwenye seva ya watu mnaowalipa kodi. Mjomba, wewe, kampuni, wenye seva. Hao ni wanne, na sijahesabu mdogo wa yule msichana anayelala naye kitanda kimoja na kuona mwanga wa simu.

Mwenzako wa kufuta kila kitu ana hoja ambayo usiidharau. Kule Finland kulikuwa na kituo cha tiba ya kisaikolojia kikiitwa Vastaamo. Mhalifu aliiba kumbukumbu za wagonjwa, na mwaka 2020 akaanza kuwaandikia mmoja mmoja akidai pesa, la sivyo atayaanika waliyomweleza mtaalamu wao. Walioguswa walikuwa kama 33,000. Aliyefanya hivyo alihukumiwa kifungo mwaka 2024. Linaloniuma katika kisa hicho ni kwamba wengi wao hawakuandika hata neno. Walikaa kwenye kiti wakaongea kwa mdomo, na mtu mwingine akaandika. Wenu wanaandika wenyewe, kwa mkono wao, saa nane usiku. Kisichohifadhiwa hakiibwi. Lakini kama seva isingehifadhi kitu, yule mtoto angejibiwa habari ya maji ya uvuguvugu na ninyi mngeendelea kujisifu kwamba siri imetunzwa.

Nikuambie jambo langu. Nilipochezwa unyago, kungwi wangu, kabla hajanifundisha lolote, aliniambia: "Utaniambia yote nami sitasema. Ila damu na uhai sinyamazii." Nilikuwa mtoto, nikaona kama ananitisha. Miaka kama mitatu baadaye lilinifika jambo la namna hiyo. Nilikuwa na shoga wawili ambao wangetunza siri mpaka kaburini. Sikwenda kwao. Nilikwenda kwa kungwi, nikijua atasema, na nilikwenda kwa sababu atasema. Mimi mwenyewe mdomo ulikuwa mzito, nilihitaji wa kunisemea.

Kwa hiyo ugomvi wa wenzako wote wawili naona umeanzia pabaya. Wanabishana kuhusu siri ivunjwe au isivunjwe, wakati tatizo lenu ni kwamba mwenye siri hakuambiwa mpaka uko wapi. Ukimwambia mapema, yeye ndiye anayeamua. Akitaka mtu asijue, atakaa upande wa huku wa mpaka. Akitaka kuokolewa, atauvuka kwa makusudi, kama nilivyofanya mimi. Vikaratasi vibandueni vyote, hata vile vya stendi vilivyofifia, na mtu akituma meseji ya kwanza apokee kitu kama hiki:

"Mimi ni mashine, si daktari. Unayoandika yanakaa siku 30 kisha yanafutwa. Watu hawasomi, isipokuwa ukiandika jambo linaloonyesha uhai wako au wa mwingine uko hatarini. Hapo mtu mmoja wetu atasoma, na atakuandikia wewe kwanza kabla ya kumwambia yeyote. Usiku wa manane hatuko macho. Ukizidiwa piga 116 au 199, ni bure."

Hizo siku 30 nimezitia mimi tu, pangeni zenu, ila ziwe chache na mzitimize. Na kama hamkeshi, msijifanye mnakesha. Hao mia saba wa sasa nao waandikieni hayohayo, pamoja na kwamba mlikosea. Wengine watakimbia. Waacheni wakimbie wakijua, kuliko wabaki hawajui.

Na usione aibu kana kwamba ninyi watatu mmeshindwa kitu ambacho wakubwa wamekiweza. OpenAI, kampuni ya ChatGPT, ilieleza Agosti 2025 kwamba mtumiaji akipanga kumdhuru mwingine mazungumzo yanaweza kusomwa na watu na hata kufikishwa polisi, ila anayetaka kujidhuru mwenyewe hawampeleki polisi, kwa ajili ya faragha yake. Mwezi uliofuata wakaweka njia ya kumtaarifu mzazi wa kijana anayeonekana kuwa hatarini. Nao bado wanajaribu, na kesi ziko mahakamani. Mwaka huohuo walisema kwa makadirio yao asilimia 0.15 ya watumiaji wao kwa wiki wana mazungumzo yenye dalili za wazi za mpango wa kujiua. Inaonekana ndogo. Chukua sasa mia saba wako upige hesabu, wewe ni karani. Ni mtu mmoja.

Orodha yako ya maneno imenichekesha na kunisikitisha. Mtu wa huku akitaka kufa hatumii neno la polisi. Atasema amechoka na dunia. Atasema anataka kupumzika moja kwa moja. Atasema "mtanikumbuka", au "bora nisingezaliwa", au atauliza mtoto wake amwachie nani, au ghafla atawaaga watu na kugawa vitu vyake. Na mashine hiyohiyo itashtuka bure kwa anayeandika kwamba njaa inamuua, jua la leo litamuua, mkewe akijua atamuua. Mkimwitia mtu huyo watu usiku, kijiji kizima kitacheka mwaka mzima na hakuna atakayewagusa tena. Kaeni na watu. Kaeni na kinyozi, mwalimu, kina mama wa kisimani, waulizeni huzuni inasemwaje kwao, kwa Kiswahili na kwa Kimakonde, na upande wa Lindi kwa Kimwera. Halafu boti ifundishwe jambo dogo ambalo mtu yeyote mwenye adabu hulifanya: isipoelewa, iulize. "Kulala usiamke, una maana gani?" Swali hilo moja lingekutosha usiku ule.

Kuhusu nywila kuwa kwako peke yako, hapo nitakuwa mkali. Wewe unafanya kazi kwenye korosho, stakabadhi ghalani unaijua. Mzigo ukishaingia ghalani, mwendesha ghala hana ruhusa ya kuutoa kwa sababu amejisikia kuutazama. Pana karatasi, pana saini. Namba za watu zikae hivyo. Tenganisheni namba na maneno, kila mtu apewe alama, na mashine ikishtuka aliye zamu aone maneno na alama tu. Kufungua namba kuwe kwa watu wawili, na kuandikwe kwenye daftari: saa ngapi, kwa nini, nani na nani. Kuangalia Kiswahili cha boti kama kimenyooka, jitumieni meseji wenyewe. "Nilikuwa nasoma makosa" ni maneno niliyowahi kuyasikia kwa mtu aliyekuwa akipekua mafaili ya wagonjwa mchana, jioni akiyasimulia barazani.

Simu ya kuazima nayo ifikirieni, maana wa namna hiyo kwenu hawezi kuwa mmoja. Boti imuulize mtu tangu mwanzo kama simu ni yake peke yake. Kama siyo, imkumbushe kufuta meseji kwenye simu kila akimaliza, na jina la namba lisisomeke kama tangazo la ugonjwa. Ningependa pia kuwe na neno la kutorokea. Mtu akiandika "bei", boti iache mazungumzo papo hapo na kuanza kutaja bei za korosho za mnada uliopita. Mjomba akichungulia ataona mtoto anafuatilia mnada, na huenda akafurahi.

Mfadhili mwenye kutaka sampuli, mjibu hapana. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliibana kampuni ya ushauri nasaha ya mtandaoni, BetterHelp, ikalipa dola milioni 7.8, kwa kuwa iliwaahidi watu siri kisha taarifa zao zikapelekwa kwa wenye matangazo kama Facebook na Snapchat. Huyu wenu labda ni mtu safi. Lakini usidhani ukifuta jina umeficha mtu. "Msichana, kidato cha nne, anaishi kwa mjomba", ukiongeza jina la kata yenye sekondari moja, nani asiyemjua? Mpe hesabu: wangapi wameandika, wangapi walipewa namba za msaada. Na ikiwa hesabu ni mtu mmoja, hata hiyo usimpe.

Sheria tunayo pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili, na habari za afya ziko kwenye kundi la taarifa nyeti. Kuzipeleka nje ya nchi nako kuna masharti, na ninyi mnazipeleka kila dakika. Waandikieni Tume kabla hawajawaandikia ninyi.

Mwisho wa yote ninyi ni vijana watatu, hakuna nesi kati yenu, na hilo ndilo linaloninyima usingizi mimi. Mnahitaji mtu mmoja mwenye mafunzo wa kumpigia mashine ikishtuka. Jumatatu nenda Ligula, uliza huduma ya afya ya akili, ukae na muuguzi wa pale umweleze mlichonacho. Usiende na simu yenye mazungumzo ya yule mtoto. Nenda na swali tu, na kama atakuambia wana kazi nyingi rudi Jumanne, sisi wauguzi ndivyo tulivyo.

Ila mwandikie kwanza. Saa ya mjomba kulala unaijua.

Bibi Nesi